Shale ya familia kwenye ploti ya hamsini kwa mia, Nakuru: tupangie vyumba

#1 MamaPloti

Habari zenu wadau. Ploti ni ya futi hamsini kwa mia, Nakuru upande wa kuelekea Njoro. Lango liko magharibi, urefu wa ploti unaenda mashariki. Tunataka nyumba ya mtindo wa shale: paa kali la mgongo mmoja, penu ndefu, vyumba vya kulala ndani ya paa, mawe chini na mbao usoni kwa juu. Tuna watoto watatu, na wakwe huja kukaa wiki mbili tatu.

Ramani tuliyo nayo ni ya mita 9 kwa 11. Sebule iko wazi hadi paani, ngazi imenyooka kando ya ukuta wa kaskazini, paa ni digrii 30, na makombamoyo (mbao za mteremko zinazobeba paa) yanakaa moja kwa moja juu ya slabu, ile sakafu ya zege ya juu. Kabla hatujapeleka kaunti, ikosoeni. Msituonee haya.

#2 MkatoKwanza

Mama, ramani ya chini iweke kando kwanza. Nyumba ya shale haipangwi kwa kuanza na sebule. Inapangwa kwa mkato, yaani ule mchoro wa nyumba kana kwamba imepasuliwa katikati kama mkate, ukaona urefu wa dari kila mahali. Chini hata ukikosea utaishi. Juu ukikosea, umejenga dari ya kuwekea masanduku.

Tuhesabu. Kuta za nje ni mawe ya inchi nane, kwa hiyo upana wa ndani ni mita 8.6. Paa la digrii 30 hupanda sentimita 58 kwa kila mita unayoingia ndani. Mtu anataka mita 2.1 za kusimama bila kuinama. Kama dari inaanza sakafuni, itabidi uingie mita 3.64 kutoka kila upande ndipo uipate hiyo 2.1. Toa mara mbili kwenye 8.6: unabaki na ukanda wa mita 1.3. Hapo vyumba vya kulala hakuna, umepata ushoroba.

Sasa pandisha ukuta wa kaskazini na wa kusini mita 1.2 juu ya sakafu ya juu kabla ya kuweka paa, na paa liwe digrii 45. Kila mita unayoingia, dari inapanda mita moja. Unafika 2.1 baada ya sentimita 90 tu. Ukanda wa kusimama unakuwa mita 6.8 kwa urefu wote wa nyumba. Msingi ni uleule na slabu ni ileile.

Angalizo: 1.2 hiyo ipimwe hadi chini ya dari iliyokwisha, si hadi juu ya ukuta. Mbao ya inchi sita iliyolazwa digrii 45 inakula zaidi ya sentimita 21 ikipimwa wima, halafu kuna unene wa dari yenyewe. Wachoraji wengi huchora paa kama mstari mmoja wa kalamu. Mstari huo ukishakuwa mbao, mabati, sufi ya kuzuia joto na jipsamu, mlango wa bafu haufunguki.

Ngazi nayo. Sakafu hadi sakafu ni mita 3.0, kwa hiyo vidato 17 vya sentimita 17.6, na kukanyaga sentimita 27. Ikinyooka inakula mita 4.32. Kando ya ukuta wa kaskazini, chini ya paa lako la digrii 30, nafasi ya kichwa inashuka chini ya mita 2 kuanzia kidato cha nane. Kufikia cha kumi, mtu wa mita 1.65 anagonga. Vimebaki vidato saba.

#3 MamaPloti

Uwii. Sasa hiyo digrii 45 si itatumaliza kwa mabati?

#4 FundiPaa

Itaongeza, lakini tazama kwa vipimo. Nyumba 9 kwa 11, upenu sentimita 90 pande zote:

Digrii 22, zile paa za kawaida za mtaani: mita za mraba 149.
Digrii 35: 169.
Digrii 40: 180.
Digrii 45: 196.

Yaani kutoka paa la kawaida hadi 45 unaongeza karibu theluthi ya mabati, paulini (mbao za kupigilia bati) na misumari. Lakini hapo umenunua ghorofa nzima bila kujenga kuta zake. Ukitaka kubana, shuka 40 na uache ukuta mfupi wa 1.2 palepale: ukanda wa kusimama unakuwa mita 6.45. Ukishuka 35 unabaki na mita 6 na vidole viwili hivi. Kwangu mimi 40 ndiyo pazuri kwa ploti hii. Mafundi hawaogopi kusimama juu yake, na mtu wa rangi anapanda na ngazi ya kulabu. Kwa 45 hakuna anayesimama juu ya bati bila kamba, na asiyejifunga mpige marufuku site.

Jambo ambalo halijasemwa: kile kiukuta cha 1.2 kinaokoa hata madirisha ya chini. Upenu unaposhuka kwa digrii 45 na kutoka nje sentimita 90, unashuka sentimita 90 vilevile. Bila kiukuta, ukingo wa paa unafika mita 2.1 kutoka sakafu ya chini, sawasawa na juu ya dirisha. Sebule inakuwa giza saa sita mchana, na gari refu likipita kando linabeba gata. Ukiwa na kiukuta, ukingo uko mita 3.3. Gari linapita chini, tangi linaingia chini.

Gata nayo: kwenye paa kali maji hayatiririki, yanaruka. Gata ya inchi nne yanaipita juu mvua ikikolea. Weka ya inchi sita, na bati liingie ndani ya gata sentimita 5 hivi.

#5 MkatoKwanza

Nakubaliana na 40. Hesabu nitaendelea kuzitoa kwa 45 kwa sababu kichwa kinazishika upesi. Mkishuka, kila kipimo cha kusimama ongezeni sentimita 17 kutoka ukutani.

Mpango wenyewe huu hapa. Upana wa ndani ni 8.6 kaskazini kwenda kusini, urefu 10.6 magharibi kwenda mashariki. Mgongo wa paa uende magharibi–mashariki, ili zile kuta za pembetatu, moja itazame lango na nyingine bustani ya nyuma. Kata nyumba vipande vitatu kama mkate.

Kipande cha mashariki, kina mita 4.6: sebule 5.0 kwa 4.6 upande wa kaskazini, jiko 3.45 kwa 4.6 upande wa kusini. Jua la asubuhi linaingia wakati wa chai, na alasiri sebule iko kivulini.

Kipande cha katikati, kina mita 2.1: ngazi 3.2 kutoka ukuta wa kaskazini, kisha njia ya mita 1.9 katikati, kisha choo chenye bafu la kusimama 1.2, kisha stoo ya chakula 1.85 inayofungukia jikoni.

Kipande cha magharibi, kina 3.6: ukumbi wa kuingilia mita 1.9 ulionyooka na ile njia, chumba cha wakwe 3.2 kwa 3.6 upande wa kusini karibu na lile bafu, na upande wa kaskazini chumba cha ukubwa uleule cha kusomea na kushonea. Huko ndiko pasi na nguo zisizokunjwa zinajificha mgeni akibisha.

Meza ya kulia iwe ndani ya sebule, upande unaopakana na jiko. Mita 5.0 kwa 4.6 zinabeba kochi la watu saba na meza ya watu sita mkiachana na lile kabati kubwa la televisheni.

Ngazi ivunjwe katikati. Vidato tisa vinapanda kuelekea ukuta wa kaskazini, pumziko la mita moja, unageuka, vidato vinane vinarudi katikati ya nyumba. Eneo lote ni 2.1 kwa 3.2. Na hapa ndipo shale inapojilipa: pumziko liko kwenye upande mfupi wa paa lakini kwa kimo cha mita 1.59 tu, kwa hiyo juu yake bado kuna mita 2.6. Unapofika juu kabisa uko karibu na mgongo, kwenye urefu wote. Ukuta wa pumziko uwekewe dirisha. Ngazi yote na njia ya chini vinapata mwanga wa kaskazini bila kutoboa paa.

Juu, fuata mistari ileile ya kuta. Juu ya sebule, masta (chumba cha wazazi) 5.0 kwa 4.6. Juu ya jiko, bafu la masta na chumba cha nguo. Katikati, ngazi, ukumbi wa 1.9 kwa 2.1, na bafu la watoto. Magharibi, vyumba viwili vya watoto, kila kimoja 4.2 kwa 3.6, vimegawanywa chini ya mgongo.

Mtauliza kwa nini vyumba vyote vya kulala vimesukumwa kwenye ncha. Kwa sababu kwenye paa la mgongo mmoja ukuta mzima wenye uso wa dirisha uko mashariki na magharibi tu. Chochote unachoweka katikati kinakuwa pango. Kwa hiyo katikati weka vitu ambavyo mtu hakai: ngazi, bafu, kabati la mashuka.

#6 Zege_na_Vyuma

Mpango mzuri, ila kile kiukuta cha 1.2 mnachokisifu ndicho kinachoangusha shale nyingi, na sitaki kipite hivihivi.

Makombamoyo yakikaa juu ya slabu, miguu yake inasukuma nje na slabu inaikamata. Ukiinua miguu hiyo mita 1.2, hakuna tena cha kuikamata. Paa linataka kufunguka kama kitabu kilicholazwa kifudifudi, na kiukuta cha mawe kinapinduliwa nje. Dalili huanza na ufa wa kulala pale kiukuta kinapokutana na slabu, halafu mgongo unashuka katikati, halafu mabati yanaanza kuvuja kwenye kofia ya mgongo. Zile mbao za kulala ambazo mafundi hupigilia juu karibu na mgongo hazizuii hilo. Ziko juu mno.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza, kiukuta kisimame chenyewe: kolamu za zege zinazoota kutoka kwenye slabu, vyuma vyake vifungwe kabla slabu haijamwagwa, na mkanda wa zege juu. Usikubali vyuma vya kuchomekwa baadaye kwa kutoboa. Ya pili, na kwa ramani hii ndiyo ningechagua: boriti ya mgongo. Kwa kuwa kuta za kukata nyumba zimepangwa moja juu ya nyingine, zipandishe hadi kileleni zibebe boriti. Inavuka mita 4.6, kisha 2.1, kisha 3.6. Hizo ni safari fupi. Makombamoyo yananing'inia kwenye boriti badala ya kusukumana. Mhandisi achague kama ni chuma au mbao na unene wake. Msimwachie muuza mbao.

Slabu ya sentimita 15, ukiondoa tundu la ngazi, ni kama mita za ujazo 13.8. Kwa mchanganyiko wa 1 kwa 1.5 kwa 3 (saruji, mchanga, kokoto), hesabu mifuko 8 kwa kila mita ya ujazo, yaani 110. Mkiweka roshani, ongeza yake.

Halafu ardhi. Nakuru tumekaa juu ya majivu ya volkano na mipasuko ya Bonde la Ufa. Mvua kubwa ikipiga, pana sehemu ardhi hufunguka mtaro usiku mmoja, kwa sababu maji yanapita chini na kubeba udongo laini mpaka juu pabaki ganda. Kabla ya kuamua nyumba ikae wapi kwenye ploti, chimba mashimo ya kupima pembe zote nne na katikati. Ukikuta mstari wa udongo mwepesi au takataka zilizojazwa, sogeza nyumba. Ploti ina urefu wa mita 30 na nyumba ina 11, nafasi ya kusogea ipo. Na maji ya paa yasimwagwe karibu na msingi hata siku moja.

#7 UpepoWaZiwa

Wenzetu wa Nakuru mna baridi ya usiku inayowatetea. Wasomaji wa Kisumu msinakili hii kama ilivyo. Huku, mita 1,130 hivi juu ya bahari, chumba kilicho ndani ya paa la bati ni tanuri mpaka saa nne usiku.

Mwenye kuitaka shale Kisumu afanye hivi: kiukuta kipande hadi mita 1.8, dari ya kulala mita 2.7, na ile nafasi iliyobaki juu ya dari iwe na matundu ya hewa kwenye pembetatu zote mbili, yenye wavu wa mbu. Kati ya bati na sufi ya joto iachwe njia ya hewa ya sentimita 5 kutoka upenuni hadi mgongoni. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Elekezeni pembetatu moja ziwani, na milango ya vyumba vya juu itazamane ili upepo upite moja kwa moja. Na udongo mweusi wa huku ni hadithi nyingine: msingi uvuke hadi kwenye udongo mgumu, la sivyo nyumba itapumua na misimu.

#8 FundiPaa

Hiyo njia ya hewa hata Nakuru ni lazima, ila kwa sababu tofauti. Usiku bati linapoa, mvuke wa nyumba unapanda na kutoa jasho upande wa chini. Asubuhi dari ina madoa ya chai na mwenye nyumba anamwita fundi akidai paa linavuja. Halivuji. Ufito wa sentimita 5 na hewa kupita, basi.

#9 MwanaKakamega

Dada, kuhusu chumba cha wakwe. Sijui mume ni wa wapi, lakini kwa Waluhya na Wajaluo wengi mzazi halali ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Kama ni hivyo kwenu, kile chumba kizuri cha 3.2 kwa 3.6 hakitawahi kulaliwa na uliowajengea. Ulizeni kabla ya kuchora. Mkiwa na mashaka, jengeni chumba hicho nje, nyuma ya ploti, kiwe na choo chake na kibaraza chake. Zimebaki mita zaidi ya 19 kwenye urefu.

#10 MamaPloti

Asante kaka, umegusa penyewe. Mume ni Mluhya wa Vihiga. Basi cha nje kitajengwa, na kile cha ndani kiwe cha mtoto mkubwa.

Sebule iliyo wazi hadi paani nimeiona haipo kwenye mpango. Ndiyo ilinivuta kwenye mtindo huu. Na mahali pa moto tunapataka.

#11 MkatoKwanza

Sebule ikifunguka hadi paani, masta inaondoka. Ni mita za mraba 23, hazina pengine pa kwenda. Na joto la moto mnaoutaka litapanda kukaa kileleni mita nane juu huku ninyi mmejifunika blanketi kochini. Siku ya omena, mashuka ya vyumba vya juu yatanuka omena. Kama moyo umekataa, fungua pale kwenye ngazi tu: dari ya ukumbi wa juu isiwekwe, iachwe wazi hadi mgongoni. Hapo pana mita 5.5 za urefu. Mgeni anayeingia mlangoni anainua macho anaona mbao hadi kileleni. Hisia ya shale unaipata bila kupoteza chumba.

Moto: uweke kwenye ukuta unaotenganisha sebule na jiko, mwisho wake ulio karibu na katikati ya nyumba. Dohani itapanda kati ya masta na bafu lake na kutokea kama mita moja kutoka kwenye mgongo. Inatakiwa ipite mgongo kwa sentimita 60, kwa hiyo kinachoonekana juu ya bati ni kama mita 1.6. Ungeiweka kwenye ukuta wa kaskazini ungehitaji karibu mita 5 za mnara juu ya bati, na upepo ungeutikisa. Dohani fupi iliyo chini ya mgongo hurudisha moshi ndani, kwa sababu upepo ukivuka mgongo unajipinda kushuka.

Mdomo wa moto wa sentimita 75 kwa 60 unataka tundu la dohani lisilopungua sehemu moja ya nane yake, kama sentimita 22.5 kwa 25. Mafundi hupenda mdomo mkubwa na tundu dogo. Matokeo ni macho mekundu. Na mbao zote za paa zikae sentimita 5 mbali na ukuta wa dohani.

#12 BombaNaTangi

Ninachopenda ni kwamba maji yote yako kusini: jiko, choo cha chini, na juu yake mabafu mawili. Bomba moja la inchi nne linashuka wima kwenye pembe ya stoo. Mkiisogeza bafu ya watoto upande wa kaskazini kwa sababu ya mtazamo, bomba lake litapita chini ya slabu iliyo juu ya sebule kwa mteremko wa sentimita 2.5 kila mita. Kwa mita 6 hiyo ni sentimita 15, na mtalazimika kushusha dari.

Ndani ya bafu lenye dari ya mteremko: choo kikae kwenye kiukuta, maana mtu yuko ameketi au amesimama mbele yake ambako dari imeshapanda. Bafu la kusimama lisikaribie kiukuta; liwekwe kwenye ukuta wa ndani ulio mrefu. Kinyume chake ndicho kosa ninaloliona kwenye michoro mingi. Sinki nalo likae kwenye ukuta wa kukata, kioo kinahitaji ukuta ulio wima.

Maji ya mvua. Maji ya visima vya Nakuru yana floraidi nyingi, meno ya watoto yanajua. Kwa hiyo paa ni kisima chenu cha kunywa. Wengi hudhani paa kali hukusanya zaidi kwa sababu bati ni nyingi. Hapana. Mvua inahesabu kivuli cha paa: mita 12.8 kwa 10.8, yaani 138 za mraba. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mvua moja ya milimita 25 inaleta karibu lita 3,450, nusu kaskazini na nusu kusini. Shale ina penu mbili tu za kukusanyia, basi mtenge nafasi mbili za matangi tangu sasa. Upande wa kusini lile la jikoni, upande wa kaskazini lingine, mbali na dirisha la ngazi. Msingi wa tangi uwe wa zege. Lita 5,000 ni tani tano, si mzigo wa mawe matatu na ubao.

#13 MamaPloti

Swali la upande wa lango. Pembetatu ya magharibi tulitaka kioo kizima, ndiyo sura ya nyumba barabarani.

#14 MkatoKwanza

Kioo cha magharibi kitawachoma watoto. Saa kumi na nusu alasiri jua la Nakuru limeshashuka hadi digrii 31 hivi, na upenu wa sentimita 90 unatia kivuli cha sentimita 54 tu. Chini ya hapo ni jua tupu kitandani. Weka roshani yenye kina cha mita 1.8, paa liifunike yote: kivuli kinafika zaidi ya mita moja, na sura ya shale inakuja na roshani hata bila kioo kikubwa. Kila chumba cha mtoto kiwe na mlango wa roshani na dirisha moja. Kioo kizima kipeleke mashariki, masta.

Sakafu ya roshani ishuke sentimita 5 chini ya sakafu ya chumba na iteremke kuelekea nje. Ikiwa sawasawa, mvua ya upepo mmoja inaingia kitandani kupitia chini ya mlango. Mbao za kuvalisha uso wa juu ziishie sentimita 15 au zaidi juu ya sakafu hiyo, maji yanayoruka yasizifikie.

Huko juu, bafu la watoto ndilo bafu pekee lisilo na dirisha. Weka dirisha moja la kwenye paa, lile la kufunguka. Kibanda cha dirisha kinachotokeza juu ya paa kinapendeza kwenye picha, lakini kinaleta mabonde mawili, na kila bonde ni mahali majani yanakwama na maji yanatafuta njia.

#15 FundiPaa

Na hilo dirisha moja liwekwe katikati ya makombamoyo mawili, si mahali mchoraji alipopenda. Flashi (bati la kuziba maungio) ya upande wa juu iingie chini ya bati la juu yake, isibandikwe juu ya bati na kupakwa gundi. Gundi kwa jua la huku haimalizi miaka.

Mbao za kuvalisha: saiprasi iliyokauka na kutiwa dawa, unene wa inchi moja, ipigiliwe juu ya fito ili hewa ipite nyuma. Ikibandikwa kwenye ukuta moja kwa moja inapinda kama sambusa.

#16 MamaPloti

Nimechora upya kwa penseli. Digrii 40, kiukuta 1.2, ngazi ya kuvunjika, boriti ya mgongo. Kimebaki kimoja: makabati ya nguo. Yetu yana mita 2.1.

#17 MkatoKwanza

Kwa digrii 40 kabati la 2.1 lenye kina cha sentimita 60 likigeuzia mgongo kiukuta, mgongo wake utasimama zaidi ya mita moja kutoka ukutani, na nyuma yake mtafuga panya. Yasimamisheni kwenye kuta za kukata, ubavu ukianza mita 1.1 kutoka kiukuta. Kwenye kiukuta chenyewe jengeni droo za kimo cha sentimita 90 mwanzo hadi mwisho. Mashuka, viatu na mabegi ya shule yataingia humo. Kitanda cha ghorofa cha watoto kikae kwenye ukuta wa katikati ulio chini ya mgongo, wa juu asiamke na kugonga dari.

Na kabla ya kutoa penseli mkononi, chukua futi kamba, pima kitanda cha sita kwa sita na uone kama kitageuka kwenye pumziko la ngazi. Godoro litajikunja. Ubao wa kichwani hautajikunja, na kama hautengani vipande itabidi upandishwe kupitia roshani kwa kamba. Mlango wa roshani basi uwe wa sentimita 90, usiwe 70.

#18 Zege_na_Vyuma

Ukimaliza penseli, michoro miwili iende kaunti: ya msanifu na ya mhandisi, wote waliosajiliwa, halafu mradi uandikishwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Mhandisi akiweka pia kolamu za kiukuta, mwambie akuoneshe kwa kidole mahali vyuma vyake vinapoanzia. Kama kidole chake kiko juu ya slabu, mrudishe mezani.